Leza ya meno ianzie wodi ya saratani

Mpwa wangu ana miaka saba. Siku nilipompeleka kuziba jino alitulia vizuri kwenye benchi, mpaka chumba cha daktari kilipoanza kutoa ule mlio mwembamba wa mashine ya kuchonga. Hapo akanishika mkono wa shati na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, na mimi wataniwekea hiyo?" Jino lenyewe lilikuwa gego la chini, lina kitundu cha kahawia kama punje ya mtama. Zamu yake ilipofika daktari alikikwangua taratibu, akajaza dawa laini nyeupe, akamwambia afumbe macho, kisha akaelekeza kwenye jino kifaa chenye mwanga wa buluu. Sekunde ishirini, basi. Jioni nikamsikia dada yangu akimsimulia jirani kwamba mtoto ametibiwa kwa leza na wala hakulia.

Haikuwa leza. Ilikuwa taa ya kugandishia dawa ya kuziba, kifaa cha kawaida kabisa cha kliniki ya meno. Simlaumu dada yangu. Neno hili limetapakaa kwenye mabango ya barabarani na kwenye kurasa za Instagram: meno yang'arishwa kwa leza, fizi zatibiwa kwa leza, bila sindano, bila maumivu. Mtu ambaye jino limemkesheza usiku kucha hana nafasi ya kuuliza ni mwanga wa aina gani. Anauliza bei, anauliza kama itauma, anakopa, anakwenda.

Nimefuatilia jambo hili kwa muda, na nimefika mahali pa kusema waziwazi. Leza ni kifaa cha kweli katika tiba ya kinywa, na zipo kazi inazozifanya vizuri. Lakini kazi ambayo ushahidi wake umenishawishi kuliko nyingine zote haimo kwenye mabango hayo. Imo kinywani mwa mgonjwa wa saratani anayepigwa mionzi, kumkinga na vidonda vinavyoletwa na mionzi hiyo. Kama kuna fedha ya umma itakayotengwa kwa ajili ya leza ya kinywa, naomba ianzie huko. Kabla sijafika huko, nieleze kwanza kwa nini siwaombei leza watoto kama mpwa wangu.

Mwanga wa taa ya nyumbani ni mchanganyiko wa rangi nyingi na husambaa pande zote. Mwanga wa leza una rangi moja, mawimbi yake yanakwenda sambamba, nao hukaa pamoja kwenye mwale mwembamba. Albert Einstein alieleza msingi wake kwa hesabu mwaka 1917, na Theodore Maiman akawasha leza ya kwanza tarehe 16 Mei 1960 huko Malibu, California, kwa kutumia fimbo ya rubi. Kinachomhusu mgonjwa ni urefu wa wimbi, unaopimwa kwa nanomita, kwa sababu kila wimbi lina kitu chake linachokipenda. Leza za dayodi za nanomita 810 au 980 hunyonywa zaidi na damu na rangi ya ngozi, kwa hiyo hukata ufizi lakini haziwezi kuchonga jino. Leza ya erbiamu ya nanomita 2,940 hunyonywa na maji kuliko leza nyingine yoyote ya meno. Leza ya kawaida ya kaboni dayoksaidi iko kwenye nanomita 10,600. Kliniki ikikuambia "tuna leza" ikanyamaza, ni kama fundi anayekuambia ana msumeno bila kusema ni wa mbao au wa chuma.

Wazo la kuipeleka kinywani lilikuja mapema mno. Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Ralph Stern na Reidar Sognnaes, walipiga meno yaliyokwisha kung'olewa kwa leza ya rubi wakaona enameli, lile gamba gumu la nje, likiyeyuka. Mwaka uliofuata daktari wa ngozi wa Cincinnati, Leon Goldman, alipiga mara mbili jino la mtu aliye hai. Mgonjwa alikuwa ndugu yake, Bernard, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa meno. Hakusikia maumivu, na jino lilidhurika juujuu tu. Huwa nafikiria ujasiri wa yule ndugu, aliyejua vizuri kuliko wengi kinachoweza kuharibika ndani ya jino lakini bado akafungua kinywa.

Kilichowarudisha nyuma kilikuwa joto. Ndani ya jino kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, nacho hakivumilii kuchemshwa. Mwaka huohuo wa 1965, Leo Zach na Gerson Cohen walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa nyani: joto la kiini likipanda kwa nyuzi 5.5 za Selsiasi, asilimia 15 ya meno hayakupona. Nyuzi tano na nusu ni tofauti ndogo kuliko kati ya asubuhi na mchana wa Dodoma. Ndiyo maana mashine ya kuchonga hutiririsha maji muda wote, na ndiyo maana leza ilikaa zaidi ya miaka ishirini ikizunguka fizi tu bila kuaminiwa kugusa jino lenyewe. Leza ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa madaktari wa meno iliingia soko la Marekani mwaka 1990, nayo ilikuwa ya nyama laini.

Njia ilipatikana Ulm, Ujerumani, ambako Ulrich Keller na Raimund Hibst walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba leza ya erbiamu inaweza kuchonga enameli na dentini bila kuliunguza jino. Siri yake ni maji yaliyomo ndani ya jino lenyewe. Dentini, tabaka lililo chini ya enameli, ina takriban asilimia kumi ya maji, na sehemu iliyooza ina maji mengi zaidi. Leza inapopiga, maji hayo hugeuka mvuke ghafla na kupasua vipande vidogo sana vya jino, kama punje ya mahindi inavyopasuka kuwa bisi. Joto kubwa linatoka na vipande hivyo, na mnyunyizo wa maji unapoza kilichobaki. Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha leza hiyo kuchonga matundu.

Kwenye kiti, mgonjwa hasikii ule mlio wa mashine. Anasikia mfululizo wa mivumo midogo, ta-ta-ta-ta, pamoja na maji. Ncha ya kifaa haigusi jino, kwa hiyo hakuna mtetemo unaopanda mpaka kwenye fuvu. Wengi humaliza bila sindano ya ganzi. Hilo ni jambo la maana kwa mtoto mwenye hofu, na sitalidharau.

Lakini kuna ambalo bango halikuambii. Leza ni ya polepole kuliko mashine, hasa kwenye enameli nzima. Kwa kuwa haigusi, daktari hana hisia ya mkono inayomjulisha kwamba ameshatoka kwenye uozo laini na sasa yuko kwenye jino zima. Haifai kutoa kizibo cha zamani cha amalgamu, ile dawa ya kijivu yenye zebaki, kwa sababu ya joto na mvuke wa zebaki. Na watu wazima wengi wa rika langu wana vizibo vya namna hiyo. Jino la kuwekewa kofia bado linahitaji mashine. Mashine yenyewe ya erbiamu huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na fedha hiyo hurudi kupitia mifuko ya wagonjwa.

Na ushahidi? Mwaka 2016 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio yote yaliyolinganisha leza na mashine ya kawaida katika kutoa uozo. Walipata majaribio tisa tu, yenye washiriki 662. Walioona maumivu walikuwa wachache upande wa leza, na walioomba ganzi pia walikuwa wachache. Lakini majaribio yalikuwa madogo na ya ubora hafifu, na hawakupata ushahidi wa kutosha kusema kwamba leza inatoa uozo vizuri zaidi au kwamba kizibo kinadumu zaidi. Kwa hiyo anayelipia leza kwenye jino lililotoboka analipia zaidi utulivu wakati wa matibabu. Ni haki yake, ila ajue ndicho anachonunua.

Tena utulivu huo tuliwahi kuutafuta hapahapa kwetu, tukaupata kwa bei ya kijiko.

Katikati ya miaka ya 1980, katika skuli ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo leo iko chini ya MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, daktari wa meno Jo Frencken na wenzake walikuwa na tatizo ambalo mtu wa wilayani analijua bila kuelezwa. Mashine za kuchonga zilihitaji umeme, maji ya bomba na fundi. Vijijini jino likioza lilingojewa mpaka liume, kisha likang'olewa. Wakajiuliza: kama uozo umeshalainika, kwa nini usikwanguliwe kwa mkono? Wakachukua vifaa vya mkono peke yake, wakasafisha tundu, wakaziba kwa saruji ya meno. Baadaye saruji hiyo ilibadilishwa ikawa glasi ionoma, ambayo hushikana na jino kwa kemia yake yenyewe na kuachia floridi kidogokidogo. Njia hiyo ikapelekwa Thailand mwaka 1991 kujaribiwa kwa wanakijiji, kisha Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani iliyokuwa na mada ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa ulimwengu mzima. Leo inajulikana kwa herufi tatu, ART, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuziba jino bila kulijeruhi.

Niliwahi kuitazama ikifanywa kwa mtoto wa shule, amelala chali juu ya madawati mawili yaliyounganishwa. Tabibu wa meno alikuwa na kioo kidogo, kishoka cha kupanua mdomo wa tundu, na kijiko chenye ncha isiyozidi kichwa cha pini. Uozo ulitoka kama vipande vya ngozi iliyoloa, vya rangi ya chai, akavifuta kwenye pamba kimojakimoja. Akalikausha tundu, akachanganya unga na maji yake kwenye karatasi, akajaza. Kisha akapaka mafuta ya mgando kidole chenye glavu na kulibonyeza jino kwa nguvu, kama mtu anayeziba tundu la ndoo, ili saruji iingie hadi kwenye mifereji yote ya gego. Akamwambia mtoto ang'ate. Akakwangua iliyozidi. Hapakuwa na sindano, wala mlio wowote, na mtoto alirudi darasani kabla kipindi hakijaisha.

Maumivu ni machache kwa sababu tabibu anaondoa sehemu iliyokufa tu na kuiacha iliyo hai. Njia hii ina mipaka yake: kwenye tundu la upande mmoja wa jino hudumu vizuri, kwenye tundu linalokula pande mbili au zaidi hushindwa mara nyingi zaidi, na uozo uliokwisha kufika kwenye kiini hauponi kwa kijiko wala kwa leza. Lakini mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza glasi ionoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi na ile dawa ya maji ya fedha na floridi inayopakwa kusimamisha uozo. Inaniuma kwamba mzazi wa Dar es Salaam anaweza kujua habari za leza kutoka kwenye bango, lakini asijue kwamba njia ya kuziba jino bila mashine ilizaliwa katika mji anaoishi.

Kwa takwimu za shirika hilohilo, kanda ya Afrika ina madaktari wa meno wapatao 3.3 kwa kila watu 100,000, karibu sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Katika hali hiyo, mtoto mwenye kitundu cha punje ya mtama namtakia kwanza mtu mwenye kijiko, karibu na shule yake, mapema.

Kuhusu fizi sitakaa sana. Ugaga ulioganda chini ya ufizi lazima ukwanguliwe, na leza haijaondoa kazi hiyo. Mwaka 2018 wataalamu wa chama cha madaktari wa fizi wa Marekani walipitia ushahidi uliokuwepo, wakaona faida ya ziada ya leza, pale inapoonekana, haifiki milimita moja ya kupungua kwa kina cha mfuko ulio kati ya jino na ufizi. Pale inaposaidia kweli ni kwenye kukata nyama laini bila damu nyingi: ufizi uliokua ukafunika jino, uvimbe mdogo wa shavuni, mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mtoto mchanga mwenye udata, yaani ulimi uliofungwa kwa chini, unaomzuia kunyonya huhitaji mkasi mikononi mwa mtu anayejua, na kazi huisha kwa sekunde chache.

Kung'arisha meno ndiko kunakonitia uchungu, kwa sababu huko linauzwa tumaini. Nenda Arumeru, nenda vijiji vya chini ya Mlima Meru, utakuta vijana wanaocheka wakiwa wamefunika midomo kwa viganja. Meno yao yana rangi ya kahawia, mengine yamemomonyoka, kwa sababu walikua wakinywa maji yenye floridi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi ya kupikia yakaongezea. Madoa hayo hayakupakwa juu ya jino. Enameli yenyewe iliundwa vibaya utotoni, jino likiwa bado ndani ya taya. Kijana huyu akipata ajira mjini, jambo la kwanza analolitafuta ni "kuweka leza".

Kinachong'arisha meno kwenye huduma hiyo ni peroksaidi, dawa inayopakwa juu ya jino. Mwanga unaongeza kidogo sana kama unaongeza, na mara nyingi taa inayotumika ni ya buluu, ya ukoo mmoja na ile iliyogandisha kizibo cha mpwa wangu. Kwa madoa mepesi peroksaidi inaweza kusaidia, na yako matibabu mengine ya kusugua juu juu ya enameli au kufunika meno ya mbele kwa dawa ya rangi ya jino. Kwa yaliyomomonyoka, kung'arisha ni kupoteza fedha, na wakati mwingine ni kuongeza ganzi ya meno na maumivu kwenye jino lililo dhaifu tayari. Kijana wa Meru anastahili kuambiwa hivyo kabla hajatoa mshahara wake wa kwanza. Na wadogo zake wanastahili maji yaliyochujwa, sasa, wakati meno yao ya mbele yangali yanaumbwa.

Sasa nije kwenye wodi.

Baba yangu mdogo aliugua saratani ya koo. Alipangiwa mionzi siku tano kwa wiki, kwa zaidi ya wiki sita. Wiki mbili za kwanza alikwenda mwenyewe kwa daladala, na akirudi anasimulia habari za wenzake wa foleni. Wiki ya tatu kinywa kikaanza kuwaka. Ngozi ya ndani ya mashavu ikababuka, ulimi ukawa mwekundu kama nyama mbichi, mate yakawa mazito, na kila akimeza anafumba macho. Mama mdogo alikuwa na daftari la hesabu za genge lake. Kurasa za nyuma akaanza kuandika vijiko vya uji. Nililiona daftari lile. Jumatatu kumi na kimoja. Jumatano sita. Ijumaa viwili. Uji wenyewe ulikuwa umepozwa mpaka ukawa wa baridi, bila ndimu, kwa sababu ndimu ilikuwa kama kumwagia makaa. Mwishowe mionzi ikasimamishwa siku kadhaa ili apate nguvu, kisha ikaendelea.

Karibu kila anayepigwa mionzi ya kichwa na shingo hupata vidonda hivi kwa kiwango fulani. Kwa wengi ni vya kuvumilika, kwa wengine vinafunga kinywa kabisa. Na kusimamisha mionzi si jambo dogo: siku ambazo mgonjwa anapumzika, chembe za saratani hazipumziki, na matibabu yaliyokatizwa hupunguza nafasi ya kupona. Kwa hiyo kidonda cha shavuni kinaweza kuamua hatima ya ugonjwa ulio kooni.

Leza inayozungumziwa hapa haikati wala haichomi. Ni leza hafifu, ya mwanga mwekundu wa nanomita 630 hadi 660 hivi, na mgonjwa hasikii joto lolote la maana. Habari yake ilianzia Budapest mwaka 1967, kwa daktari Endre Mester. Alikuwa akijaribu leza kwa panya aliowanyoa manyoya. Iliyokuwa mikononi mwake haikuwa na nguvu ya kuunguza kitu, lakini akaona manyoya ya panya waliopigwa yanarudi upesi kuliko ya wenzao. Kwa miaka mingi wengi waliliona jambo hili kama uganga, na hata leo leza hafifu inauzwa kwa magonjwa chungu nzima ambayo haijathibitishwa kuyasaidia. Lakini kwenye vidonda vya kinywa vya wagonjwa wa saratani, majaribio yamerudiwa nchi baada ya nchi na jibu limekuwa linaelekea upande uleule. Mwaka 2018 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilisema ushahidi wa usalama na ufanisi wake unatosha kuitumia. Mwongozo wa MASCC na ISOO, vyama vya kimataifa vya wataalamu wa kuhudumia wagonjwa wa saratani na vinywa vyao, uliohuishwa mwaka 2020, unapendekeza itumike kuzuia vidonda hivi kwa wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo na kwa wanaopandikizwa uloto wa mifupa. Mwongozo huohuo unasisitiza vipimo maalumu vya mwanga, na mgonjwa aelezwe kwamba wataalamu bado wanachunguza kama kuna hatari pale mwanga unapofika kwenye uvimbe wenyewe.

Tazama inavyotuhusu. Taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na hospitali ya Bugando, Mwanza, wanatoa mionzi. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikipandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu tangu mwaka 2023. Hawa ndio wagonjwa wanaotajwa kwenye mwongozo, kundi kwa kundi. Kifaa kinachohitajika kinashikika mkononi, na bei yake iko mbali sana chini ya ile mashine ya erbiamu ya kuchonga meno. Kazi ni ya dakika chache kwa siku: kupitisha mwanga kwenye midomo, mashavu, ulimi na sakafu ya kinywa, sehemu kwa sehemu, kwa muda uliopimwa. Mgonjwa na mhudumu wote wanavaa miwani, na miwani hiyo lazima iwe ya wimbi la leza husika, kwa kuwa si kila miwani ya rangi inazuia kila mwanga. Jambo la macho nalisema kwa msisitizo pia kwa kliniki za mjini, kwa sababu leza nyingi za meno hutoa mwanga usioonekana kabisa, na jicho lililoungua kwa ndani halirudi.

Na watu wa kuifanya kazi hii wapo. Mgonjwa wa saratani ya kichwa na shingo anapaswa kuonwa na daktari wa meno kabla hajaanza mionzi, ili meno mabovu yang'olewe mapema, kwa kuwa mfupa wa taya uliokwisha kupigwa mionzi hupona kwa shida sana ukijeruhiwa. Maana yake idara ya meno ina sababu ya kumshika mgonjwa huyu tangu mwanzo. Tabibu wa meno anajua kinywa, anajua kushika kioo, anaweza kufundishwa vipimo. Kinachotakiwa ni hospitali za mionzi kukaa na MUHAS na Wizara ya Afya, kuandika utaratibu mmoja wa taifa, kununua vifaa vichache, na kuingiza huduma hiyo kwenye bima kama sehemu ya matibabu ya saratani badala ya kuihesabu kama urembo wa kinywa.

Jambo moja la mpangilio lisisahauliwe. Mwanga huu unafanya kazi vizuri zaidi kama kinga. Ukisubiri mpaka vijiko vya uji vianze kuhesabiwa kwenye daftari, sehemu kubwa ya faida imekwisha kupita. Mgonjwa aanze kupewa Jumatatu ile ya kwanza ya mionzi, akiwa bado anakuja mwenyewe kwa daladala, kinywa kikiwa hakina hata kidonda kimoja.